Mtu wa Shaba Mwenye Kibiongo

Katika jumba la makumbusho la ng'ambo nilikokuwa mlinzi, kazi yangu ilikuwa kuzuia mikono ya wageni isiguse vitu. Kucheka hakukukatazwa. Ndiyo maana chumba cha sanamu za Kirumi kilinitoa jasho hata kwenye baridi ya AC. Ndani ya kioo alisimama mwanamume wa shaba, kimo cha shubiri moja, uchi, mwenye kibiongo. Wageni walijikunja mgongo kando yake wakipigana picha. Mimi nilizunguka tu, mlangoni, kwenye kioo, mlangoni tena. Mwenzangu, Mganda, akaninong'oneza, "Dada, leo umekalia miiba? Tulia, supavaiza anakuja."

Nitulie vipi? Binti yangu, anayeishi na mamangu Nakuru, ana mgongo kama ule. Daktari alitaka kuupima kabla haujapinda zaidi, lakini safari iliyopita binti aligoma kuvua sweta. Yeye na mamangu walirudi nyumbani hivyo hivyo. Wiki hiyo walikuwa wanakwenda tena.

Maandishi ya ukutani yalieleza kwamba Warumi waliweka sanamu za namna hiyo majumbani ili jicho la husuda licheke, lipite zake. Nilikasirika. Miaka yote hiyo, na bado tunachekwa! Lakini kwa kuwa nililipwa kukodoa macho, niliendelea kutazama, nikaona fundi aliyeitengeneza sanamu hakuruka hata ubavu mmoja. Na ule uso haukuwa wa kuchekesha.

Siku moja kabla ya kliniki nilikuwa ofu. Nikapanda basi kutoka Najma, mtaa tulikokaa walinzi, nikarudi pale kama mgeni. Hakuna mlinzi anayefanya hivyo. Wenzangu waliniona nimerukwa na akili. Nikampigia binti yangu video, nikageuza kamera bila kumwambia kitu.

Alisogeza uso karibu na simu. Kisha akauliza, "Mum, huyo alivua nguo mbele ya nani?"

"Mbele ya fundi."

"Na huyo fundi alicheka?"

"Zii. Angecheka, mkono ungetetemeka, aharibu. Cheki vile mbavu zimetoka poa."

"Sawa," akasema, akakata simu.

Siku iliyofuata nilikuwa kazini, simu iko kwenye loka, miguu haitulii. Wakati wa mapumziko nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mamangu.

"Ameingia kwa daktari. Sweta ameniachia mimi huku nje."