Mlango wa Nyumba ya Pareto

Siku ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ni ile niliyoanguka kifudifudi juu ya trei ya pareto, na mama yangu mzazi, badala ya kuita watu, akakimbia kufunga mlango. Nimezeeka, na mlango ule bado haujanitoka. Nakueleza kwa sababu juzi nilikuona ukijishikilia ukutani, macho umeyafumba, na nilipokuuliza ukasema umeteleza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu juu ya Molo, njia ya kwenda Kuresoi. Asubuhi tulichuma maua ya pareto, yale ya dawa ya wadudu, mchana tukayapeleka kwenye nyumba ya kukaushia. Humo moto wa kuni uliwaka chini ya trei, na mlango uliegeshwa ili joto lisitoke. Nilikuwa msichana wa nguvu, tena nimeshaposwa. Wazee wa kina Kipkemoi, mchumba wangu, walikuwa wamekuja, na baba akawapaka siagi kichwani kuonyesha amekubali. Lakini kwetu hapo si mwisho. Kabla ng'ombe hawajaletwa, watu wa mume huzunguka kwa majirani wakiulizia magonjwa ya ukoo. Walichokiogopa kuliko vyote ni kifafa.

Na mimi nikachagua wakati huo huo kuanguka. Nilipozinduka kichwa kilikuwa kinagonga na tumbo limevurugika. Mama alinifuta uso kwa kanga yake akaniambia nisimwambie mtu, hata baba. Kesho yake akaenda kwa nyapara, akamwomba nisichume tena shambani, niwe ndani tu siku nzima nikigeuza maua. Alitaka macho ya watu yasinifikie. Alinipenda, sikatai, lakini mapenzi yale yalikuwa ya woga.

Nikaanguka tena, na tena. Jioni nilirudi nyumbani nikitapika, rangi imenibadilika. Jumapili, siku ambayo hatukufanya kazi, nilikuwa mzima kabisa, nacheka na wenzangu. Mama aliiona Jumapili hiyo kila wiki na hakujiuliza. Kila nilipoanguka alizidi kuufunga mlango, hata ule upenyo mdogo wa chini akauziba kwa gunia. Mwishowe wanawake walioleta maua walinikuta sakafuni, wakaniburuta hadi kwenye nyasi, na mmoja wao alikuwa jirani wa kina Kipkemoi. Jua halijatua, habari ilikuwa imefika.

Shangazi yangu, dada yake baba, alifika siku chache baadaye kutoka Kuresoi. Alikuja kusaidia maandalizi ya harusi, akanikuta kitandani. Alinikagua macho na kucha, kisha akamgeukia mama.

"Nyinyi mnaficha huyu mtoto ama mnamzika?"

Shangazi akanipandisha lori la maziwa hadi hospitali, amenikumbatia njia nzima. Daktari aliniuliza swali moja ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameniuliza: huwa naanguka nikiwa wapi. Nikafikiri. Sikuwahi kuanguka mtoni, wala shambani, wala nyumbani. Akasema si kifafa. Moto wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa sumu isiyoonekana, nami nilikuwa naivuta kutwa nzima. Dawa yake ilikuwa nisiingie tena mle ndani. Ule mwezi haukwisha kabla sijaanza kupanda kilima na mtungi wa maji mgongoni.

Shangazi alienda mwenyewe kwa kina Kipkemoi kuwaeleza. Mama yake Kipkemoi alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, wala hakuinua sauti.

"Labda ni moshi," akasema. "Lakini kama ni moshi tu, mbona mama yake alimficha?"

Shangazi akarudi nyumbani na swali hilo, na mimi hadi leo ninalo. Kipkemoi nilikutana naye mara moja sokoni, akatazama viatu vyake. Baadaye niliolewa huku tunakoishi, Bahati, na mwanamume aliyefiwa na mke. Alikuwa mtu mwema, lakini sikuwa nimemchagua. Ugonjwa wangu uliisha kwa hewa safi. Kilichoniharibia maisha ni kule kufichwa, na hicho siijui dawa yake.

Mama alikuja kuishi nami uzeeni. Siku moja alianguka pale pale jikoni, na alipofumbua macho neno lake la kwanza lilikuwa, "Funga mlango." Niliufungua wote mpaka ukagonga ukuta, nikawaita majirani kwa sauti yangu yote. Walikuja, wakambeba. Alinitazama kwa hasira njia nzima, na mimi nilikuwa ninalia.

Basi sikiliza, mwanangu. Mwili ukikuangusha, sema umeanguka, sema na mahali ulipoangukia. Usiupe ugonjwa jina kabla ya kuuliza, na usikubali mtu akufiche, hata akikupenda, hata nikiwa mimi. Wanaokuchumbia wakikimbia kwa sababu umesema kweli, waache wakimbie. Kesho asubuhi tunaenda hospitali, mimi na wewe, na tutapita katikati ya soko, si njia ya nyuma. Mungu akupe nguvu ya kutosha na miguu ya kusimama, na siku utakayoanguka akuletee mtu atakayefungua mlango.