Neno "changamoto" lilivyonizungusha nikitafuta therapist hapa Mwanza

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, majina tu ndiyo nimeyaacha. Mpaka naandika hapa bado sielewi vizuri, ndiyo maana nimeona niyalete kwenu.

Mimi ni mzaliwa wa Nansio, Ukerewe. Naishi Igogo na familia, nauza vipuri vya pikipiki.

Mwaka juzi mdogo wangu alizama ziwani akivua dagaa. Msiba niliusimamia mimi. Turubai naulizwa mimi, jeneza naulizwa mimi, wageni watalala wapi naulizwa mimi. Kulia sikulia, nafasi yenyewe haikuwepo.

Siku ya kurudi Mwanza nilifumba macho safari nzima. Tangu hapo sijapanda meli. Nafika bandarini, naangalia wenzangu wakipanda, nageuza.

Kwa wasioijua, Ukerewe ni kisiwa: hata ukizungukia Bunda, mwisho wa barabara unakuta kivuko. Maji huyakwepi.

Mama yuko kule peke yake. Kila akipiga kuuliza naenda lini, namjibu, "Mama, kuna changamoto kidogo za kazi." Mwishowe akaacha kuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mama yangu akinyamaza ujue ameshaamini umemtupa.

Nikaamua kutafuta msaada. Nikaenda kituo kimoja cha afya, nikainama pale dirishani, nikamwambia dada wa mapokezi kwa sauti ya chini, "Dada, nina changamoto, nahitaji ushauri nasaha."

Akaniangalia kwa huruma, akanionyesha benchi la nje. Nimekaa karibu saa nzima ndipo nasoma bango la ukutani. Kumbe benchi zima tunasubiri kupima virusi vya UKIMWI.

Na wakati huo huo jirani yetu anapita na mtoto wake wa kliniki. Tukasalimiana vizuri tu.

Nilipofika nyumbani wife alikuwa na taarifa tayari, amekaa kitandani analia. Ilibidi kesho yake twende wote wawili tukapime ndipo amani irudi. Majibu yalikuwa salama. Mimi na maji yangu tulikuwa pale pale.

Rafiki yangu wa Kirumba akanipeleka kwa mshauri mmoja, mzee wa heshima zake, umri wa baba yangu. Shikamoo, marahaba, kaa. Nikamwambia nina changamoto. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Za ndoa hizo."

Mtu mzima yule, nitamkatizaje? Nikapewa somo la ndoa mpaka mwisho, nikashukuru, nikaondoka. Wife anasema lile somo lilisaidia, sibishani naye.

Wa tatu ni mwanasaikolojia, binti mdogo kwangu. Kuingia tu akaniamkia shikamoo, nikakata tamaa. Anayeniamkia nitamlilia vipi?

Nikaanza wimbo wangu. "Nina changamoto ya kusafiri." Akaweka kalamu chini. Halafu akasema, "Kaka, changamoto ni neno la vikaoni. Nyumbani kwenu, kwa Kikerewe, ungesemaje?"

Nikatafuta neno, nikakosa pa kujificha. Nikajikuta naongea lugha ya mama yangu, kwamba naogopa maji, maji yamenichukulia mdogo wangu. Yeye ni Mhaya, sidhani kama aliambulia kitu. Nililia pale kama mtoto na hakunikataza.

Sasa kinachonichanganya ni hiki: huyu binti hatoi ushauri. Nimeenda mara nne, natoka sijaambiwa cha kufanya. Juzi nikamuuliza kwa hasira kidogo, kuhusu mama nifanyeje? Akajibu kwa swali, "Mama anajua ulichoniambia mimi?"

Jumapili baada ya kanisa nikampigia mama. Nikaongea Kikerewe, changamoto nikaiacha. "Mama, sijakutupa. Naogopa ziwa."

Akasema, "Mwanangu, mimi tangu tumzike sijashuka ziwani. Hata maji ya kupikia naletewa. Nilikuwa nangoja uje wewe kwa sababu mimi siwezi kuja."

Kumbe muda wote huo tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kila mtu na upande wake wa maji.

Nilichojifunza: ukienda kwa watu hawa, acha maneno ya mkutanoni nyumbani. Na kama huwezi kumkatiza, huyo si wako, hata awe na hekima kiasi gani.

Meli bado sijapanda. Wala sijui kama binti ndiye ananifaa, au ni ile simu tu. Wenye uzoefu nielewesheni, mtu asiyekushauri anakusaidia kwa lipi?

Nijibuni mapema wakuu, maana jana mama amepiga tena. Nilikuwa nimemsimulia habari za binti, sasa anauliza kama na yeye anaweza kuongea kwenye simu na huyo binti asiyejua Kikerewe.