Mtamba wa Mzee Hilari

"Shangazi, unaogopa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, nimeshika mkia wa ng'ombe kwa mikono miwili, bandani kwake huku kijijini Buger. Hakunijibu. Mkono wake ulikuwa ndani ya ng'ombe mpaka begani, povu la sabuni likimchuruzika hadi kiunoni.

Shangazi Bibiana ndiye mwanamke wa kwanza kijijini kwetu kusomea kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za madume ya maziwa alizibeba kwenye mtungi wa baridi, kaufunga nyuma ya pikipiki. Watu walicheka kwanza, maziwa wakanywa baadaye.

Lakini mtamba yule niliyemshika mkia, ndiyo kwanza anazaa, hakuwa wake. Alikuwa wa Mzee Hilari. Kwetu mtu humweka ng'ombe wake kwa jirani: wewe unakamua, ndama ni wa mwenyewe. Akifia mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi, ajue hukumuuza. Sasa shangazi alikuwa amempandisha mbegu ya dume kubwa bila kumuuliza mzee. Mtamba wa kienyeji, nyonga nyembamba! Ndama alikwama tangu asubuhi, kwato mbili tu nje, na mama yake alishaacha hata kulia.

Mzee Hilari akaja, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Bibiana, umemwozesha binti yangu bila kuniambia, na bwana harusi mwenyewe yumo kwenye mtungi!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kisu unacho? Maana ngozi naitaka leo."

Nililia. Jicho la mtamba lilikuwa limegeuka jeupe. Akifa, nani tena atamkabidhi shangazi ng'ombe wake?

Shangazi alifunga kamba kwenye kwato, akaishika, hakuvuta.

"Vuta basi!" mzee akafoka.

Hakuvuta. Nikajua amekata tamaa. Tumbo la mtamba likakaza, ndipo akavuta. Likalegea, akaacha. Sijui mara ngapi.

Ghafla ndama akateleza, pwaa! Hapumui. Shangazi akamchokoa pua kwa unyasi, mara moja, mara tena. Ndama akapiga chafya.

"Jike?" mzee akauliza.

"Jike."

"Basi ngozi ibaki huko huko ilipo."

Sasa nipo kidato cha tatu. Likizo ya Juni iliyopita, jike yule yule aliyezaliwa siku ile naye alikwama kuzaa. Bega la shangazi siku hizi halifanyi kazi, kwa hiyo sabuni alinipa mimi. Niliingiza mkono. Ndani joto, giza, halafu kitu kikaninyonya kidole. Nikaganda.

"Shangazi, naogopa."

Alikuwa ameshika mkia, kama mimi siku ile.

"Uliniuliza, Lusia, sikukujibu. Niliogopa mpaka nikajikojolea, povu likanisitiri. We ogopa tu, mwanangu. Asiyeogopa ndiye huvuta kabla ng'ombe hajasukuma."