Asali Iliyorudi Ugalla

Nikisikia harufu ya nta inachomwa, nyie, papo hapo narudi kuwa mtoto wa kike mwenye kamasi, nimekaa uani kwa shangazi yangu kule Kasokola, nimemeza mate ndoo nzima, nasubiri asali.

Asali yenyewe ilikuwa ya posa ya Nyamizi, mtoto wa marehemu mdogo wake shangazi. Mama yake alikufa akimzaa, shangazi akamchukua, akamkabidhi mchi kabla hajaota meno. Ila alikuwa na kicheko huyo dada! Akicheka Kasokola, kuku wa Ilembo wanaruka. Warina asali wa Ugalla wakakisikia, wakamtaka awe mke wa kijana wao. Na kwetu wenye nyumba wakishalamba asali ya posa, maneno yamekwisha, binti wameshamtoa.

Sasa chumba cha nje alikuwa amepanga mwalimu mmoja, Kiingereza kingi kuliko nywele. Alikuwa amemtongoza Nyamizi, akachekwa mpaka akakimbia akaacha kandambili. Siku ya wageni akajileta, akakaa kama mwenyeji. Shangazi anataka kuchovya kidole kwenye kibuyu cha asali, mwalimu akasema taratibu, "Huyu binti ni wanton."

Wazee wakauliza ndiyo nini hiyo. Akawaeleza ni mtu asiyejizuia, gari la mteremkoni lisilo na breki. Mshenga akamgeukia shangazi, anangoja amtetee. Angekuwa binti wa kumzaa, shangazi angeng'oa paa. Akatabasamu tu.

"Mimi nilimwokota, wazee wangu. Tabia zake kamuulizeni mama yake makaburini."

Mshenga akaziba kibuyu. Kikarudi Ugalla juu ya baiskeli, nzi wote wa Kasokola wanakisindikiza. Mimi nikalia, nalilia asali, mpaka Nyamizi akatoka jikoni na gauni lake jipya kunibembeleza. Watoto wakamwimbia lile neno kisimani mwaka mzima, nadhani hata mbuzi walilijua. Hakuna aliyekuja tena kuposa. Na kile kicheko sikukisikia tena.

Juzi nikamuuliza mwanangu, yeye anasoma Kiingereza. Akasema zamani sana Waingereza waliliunga hilo neno kwa vipande viwili, kukosa na kulelewa. Aliyekosa malezi, basi. Uhuni walikuja kuubandika baadaye.

 Kumbe lile tusi lilikuwa la shangazi, aliyepewa mtoto akamlea kama kinu. Ila aliyekosa mume ni Nyamizi.