Jina la Mama Kwenye Jiwe

Jiwe la kaburi nililiagiza mimi, kwa hivyo simlaumu mtu. Nilimpata fundi hapa Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, nikamwandikia kwenye karatasi: kulia jina la baba, mwaka aliozaliwa na aliokufa; kushoto jina la mama, mwaka aliozaliwa, halafu aache nafasi. Chini kabisa aandike, "Pamoja hadi ufufuo, na hata milele." Fundi akaniuliza kama mama naye amekufa. Nikamwambia hapana, ni mapenzi tu. Siku hiyo nilijiona mtoto mwema kuliko ndugu zangu wote.

Kwetu Molo, mwaka ukipita baada ya mazishi, watu hurudi shambani kuweka msalaba au jiwe. Tulipiga hema kando ya viazi. Ukungu ulikuwa haujainuka na majirani walikuwa wamejifunika mashuka mabegani. Mchungaji akaomba, kaka yangu akavuta kitambaa kilichofunika jiwe, watu wakapiga makofi. Mama alisogea akasoma polepole, akifuata maandishi kwa kidole. Kidole kilipofika kwenye jina lake kikasimama.

"Nani aliwaambia mimi nitalala hapa?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikidhani ni ile hofu ya mtu kuona jina lake kaburini.

"Mama, si ni kando ya baba tu? Mtaamka pamoja."

"Huyo mimi sitaki kuamka naye."

Alisema kwa sauti ileile anayoitia ng'ombe, na hema zima likasikia. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kushikilia sahani ya sadaka kwa mikono miwili, na mimi hakuwahi kunipiga hata kofi. Lakini mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa darasa la nne. Nikiwa nimesimama pale kwenye matope ndipo nilipotambua kwamba nyumba ile niliijua wakati wa likizo tu.

Shangazi yangu, dada yake baba, alianzisha wimbo ili kufunika aibu. Mama akamnyamazisha kwa mkono, akamgeukia mchungaji.

"Pastor, wacha nikuulize. Siku ya mazishi ulisema nitamwona tena. Hiyo ni lazima?"

Mchungaji ni kijana, ni mdogo kwangu. Alifungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena. Mwishowe akamsomea pale Yesu anapoulizwa habari za mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, kwamba siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani. Akamweleza kuwa jibu ni kwamba huko ndoa haipo tena.

"Kwa hivyo huko mimi si bibi yake?"

"Hapana, mama."

"Akiniita, si lazima niende?"

"Si lazima, mama."

"Soma tena."

Akasoma tena. Mimi nilitaka kumshika mama mkono nikaogopa, mama yangu mwenyewe. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia mchungaji kwa kuficha mstari huo mwaka mzima, lakini zaidi nilijikasirikia mimi. Nimekuwa mtoto wake miaka arobaini na sijawahi kumuuliza swali hata moja juu ya maisha yake. Badala yake nilienda kwa fundi nikamfunga tena, na mara hii kwa jiwe.

Mchungaji alipomaliza, mama aliketi kwenye kiti cha plastiki. Machozi yalimtoka bila sauti, na akayaacha yateremke.

"Basi nitaenda mbinguni," akaniambia. "Tangu mlipomzika, nimekuwa nikimwomba Mungu anisahau siku ya ufufuo."