Dayodi Mbili kwenye Waya wa Njano

"Shemeji, hebu mwambie huyu mama! Betri zangu zina kosa gani? Sema wewe, si ndiye fundi?"

Muuza betri alikuwa amesimama gatini, betri mpya begani juu ya gunia, jasho linamtiririka. Chini yake, ndani ya boti kuukuu ya matanga, mwenye boti alikuwa kajishika kiuno. Mkunga mstaafu huyo aliishi humo botini, na watu wote pale walimwita Mkunga tu.

"Kosa gani?" alisema Mkunga. "Mimi nimezalisha watu maisha yangu yote, kitu kilichovimba nakijua. Njoo uinuse mwenyewe! Chumba changu kinanuka mayai viza, kichwa kinanigonga kama kuna mtu anatwanga ndani. Na hii ni betri ya pili!"

"Labda unaichaji vibaya."

"Mimi? Mimi nawasha injini, basi. Au ulitaka niipepee?"

Katikati yao, kwenye kingazi cha kushukia chumbani, alikaa fundi na sanduku la vifaa mapajani. Jina lake la gatini lilikuwa Waya. Mwembamba, halafu kazi yake umeme, nani angehangaika kumtafutia jina lingine? Alikuwa amemuoa dada yake muuza betri. Kwa hiyo wote wawili walimtazama yeye, kila mmoja akimwona wa upande wake.

Waya akasema, "Ngoja tuangalie," na hakuinua macho.

Kazi aliianzia gereji za magari, akilala chini ya malori na kupokea spana kwa wakubwa. Baadaye akahamia kwenye boti, na watu wakampenda. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumwambia mteja kwamba haiwezekani. Mletee redio iliyoanguka majini, atakwambia iache nione. Mkewe humtania kwamba siku ya kufa kwake, malaika akija atamwambia iache roho nione.

Ugonjwa huo ndio uliomfikisha hapa. Miezi ya nyuma, betri za zamani za Mkunga zilikuwa zimechoka. Taa ilikuwa ikififia kabla mama wa watu hajamaliza kusoma kurasa zake. Ilitakiwa aambiwe tu: mama, hizi zimekufa, nunua nyingine. Lakini Mkunga ndiye aliyewapokea watoto wa Waya wote wawili, na yule wa pili alitanguliza miguu. Utamwambiaje mtu kama huyo habari mbaya, tena anakumiminia chai?

Basi akafanya ujanja wa gereji. Nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, kuna katauti, kidude kinachoiambia altaneta sasa inatosha, acha kuchaji. Katauti hiyo hujua betri imejaa kiasi gani kwa waya mwembamba wa njano unaotoka kwenye betri. Ukiukata waya huo ukaunganisha dayodi katikati, kipande kidogo kinachokula umeme kidogo, katauti inaona betri pungufu kuliko ilivyo, na altaneta inazidi kusukuma. Mafundi wanaita kuitia altaneta njaa. Waya alitia dayodi moja, taa ikaongezeka kidogo. Akatia ya pili, akazungushia tepu nyeusi. Taa ikawaka kama ya harusi! Mkunga akampigia makofi, naye akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Betri zile zilikufa tu, maana zilishakufa. Waya mwenyewe akamwambia Mkunga, nenda kwa shemeji yangu, yule hauzi uchafu. Betri mpya ikafungwa. Dayodi zikabaki kwenye tepu yao, hakuna aliyezikumbuka.

Alizikumbuka siku betri mpya ya kwanza ilipochemka. Walikuwa wanakula kwake mchana, na shemeji akauliza, mtu amechanganyikiwa kabisa, "Hivi shemeji, betri mpya inaweza kuvimba kwa nini?" Waya akavuta bakuli la mchuzi. Akasema sijui, labda joto. Shemeji akambadilishia Mkunga betri bila neno. Waya akajiapiza kwamba kesho ataenda kimyakimya azitoe. Lakini Mkunga habanduki botini mwake, na kesho ikazaa kesho nyingine. Huku nyuma maneno yakapita gatini, boti kwa boti: yule muuza betri anachukua betri za zamani, anazipaka rangi, anauza. Watu wakaanza kupita mbele ya kibanda chake wakitazama upande wa pili.

"Haya pima, shemeji," muuza betri alisema. Akashuka, akaiweka ile mpya pembeni, akachukua tochi. "Mimi nakumulikia."

Walifungua madirisha yote harufu itoke. Waya akabana nyaya za mita ya volti kwenye ile betri iliyovimba, Mkunga akawasha injini. Mzee yule wa chuma akakohoa, akatema moshi, akakubali. Namba kwenye mita zikapanda, zikapita kumi na nne, zikapita kumi na tano, zikasimama karibu na kumi na tano na nusu.

"Inatakiwa ngapi?" aliuliza muuza betri.

"Kumi na nne na ushee."

"Aha! Mama, umeona? Betri yangu inachemshwa! Inachemshwa kama viazi!" Karibu acheze.

"Nani anaichemsha sasa?" Mkunga akauliza, akazima injini.

Hapo ndipo Waya alipoanza kutafuta kila mahali isipokuwa pale alipopajua. Akabonyeza mkanda wa altaneta, na ulikuwa sawa. Akafungua waya mnene wa asi, ule unaofungwa kwenye chuma cha injini, akausugua kwa msasa, nao ulikuwa unang'aa tangu mwanzo. Akaufunga, akaufungua tena. Kila mkono wake ulipokwenda, tochi ya shemeji ilimfuata, haitikisiki.

"Mbona hapo safi, shemeji?"

"Nahakikisha tu."

"Sawa, hakikisha." Halafu muuza betri akasema kwa sauti ya chini, "Pole, shemeji. Unajikunja kwenye shimo la injini kwa ajili yangu. Dada atanigombeza."

Waya akaweka spana chini. Alikuwa na sentensi yake tayari, ameitengeneza tangu asubuhi: waya umechoka, mama, mambo ya chumvi hayo. Angeitamka, angezichomoa, mambo yangeisha. Akaitafuta mdomoni, asiione. Mkono ukaenda wenyewe kwenye waya wa njano, ukabandua tepu.

"Hizo nini?" aliuliza muuza betri.

"Dayodi. Nimezitia mimi. Kabla ya betri zako." Akaeleza yote akiwa bado kajikunja, anaongea na injini.

Mkunga ndiye aliyesema kwanza. "Ungeniambia betri zimekufa, Waya. Mimi nimewaambia watu mangapi mazito kuliko hilo?"

Muuza betri alikuwa bado ameshika tochi, inamulika pale pale ingawa hapakuwa na kazi tena. "Siku ile kwako," alisema, "nilipokuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniongezea mchuzi."

Waya alizichomoa zile dayodi, akaunga waya wa njano. Muuza betri akaitazama betri yake mpya kwa muda, kama mzazi anayesita kumwachia mtu mtoto, kisha akaifunga kwa mkono wake mwenyewe. Injini ikawashwa. Namba zikapanda hadi kumi na nne na ushee, zikatulia. Hakuna aliyeshangilia.

"Nitawaambia wote gatini," alisema Waya. "Naanza sasa hivi, na yule wa boti ya jirani."

"Waambie."

"Na mimi nitawaambia," Mkunga akadakia. "Mdomo ulioanzisha maneno yale ulikuwa wangu."

"Asante, mama." Muuza betri akaizungushia gunia ile iliyovimba.

"Niachie nikubebee, shemeji. Hiyo inavuja."

"Nachelewa. Namfuata mtoto shuleni."

"Jumapili utakuja kula?"

Muuza betri alishapanda gatini. "Msalimie dada," alisema. Akaipachika ile betri begani, uvimbe umechomoza kwenye gunia, umeelekea kwa watu waliokaa wakimtazama kwenye boti zao, akaenda zake shuleni.