Wimbo niliomwandikia staa uliwazika dada zangu wanne wakiwa hai

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo, huku Kongo.

Humu mimi huwa msomaji tu, nacheka na comments zenu napita. Leo naandika kwa sababu nina jambo wiki ya pili sasa na sina wa kumweleza. Yote ni kweli tupu. Nimeficha jina la kisanii la mhusika tu. Tumwite Paluku, jina lake la nyumbani. Wenye jina hilo huku hawahesabiki, kwa hiyo msihangaike kumtafuta.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwongoza kwaya wa parokia. Kazi yangu nyingine haijulikani: namwandikia Paluku nyimbo. Huu ni mwaka wa sita. Zile zinazopigwa kwenye harusi kuanzia Beni mpaka Goma, nyingi zimetoka kwenye daftari langu. Sharti letu lilikuwa moja tu, mdomo ufungwe. Kwenye interview yeye husema nyimbo humjia akiwa anaoga, nami nasikiliza nacheka peke yangu.

Msidhani nalalamika. Mimi sauti yangu nje ya kanisa ni ya mbuzi aliyefungwa. Yeye akishika mic, watu wazima wanatoa vitambaa. Tulihitajiana.

Sasa sikilizeni namna yangu ya kazi, maana balaa lilitokea hapo.

Kabla sijaandika, namhoji kama polisi. Mama yako alikuwa anakuitaje ukikosea? Ulilia lini mara ya mwisho? Halafu naandika kana kwamba mimi ndiye yeye. Ndiyo maana watu wanamwamini.

Safari hii hatukupata muda. Yuko Kampala, studio inamsubiri, anataka wimbo wa mama kesho yake asubuhi. Napiga simu, hashiki. Basi nikachukua maisha yangu nikamvika yeye.

Mama yangu alizaa wasichana wanne mfululizo. Alipojifungua wa nne, ndugu za baba walisimama mlangoni wakauliza, safari hii umezaa nini tena? Mama akawajibu: "Nimezala mutu," yaani nimezaa mtu, binadamu. Nyumbani kwetu hiyo ni hadithi ya kila Noeli. Nikaiweka kwenye kiitikio. Kwenye ubeti wa pili nikasema nilizaliwa nyuma ya mabinti wanne.

Kwa wasio wa huku niwaeleze. Sisi Wanande jina linasema umezaliwa wa ngapi. Paluku ni mvulana wa kwanza, yule aliyefungua nyumba. Wakitangulia wasichana halafu aje mvulana, huyo anaitwa Muhindo. Mimi ni Muhindo. Mtu anayeitwa Paluku hawezi kuimba ule ubeti. Hata mtoto wa darasa la pili angeshtuka.

Mimi mwalimu sikushtuka. Paluku naye aliimba tu, akili iko kwenye sauti.

Wimbo ukawaka moto. Mama yangu anaishi Beni, upande wa Mavivi. Akanipigia simu kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu baba afariki. Akasema kumbe kuna mama mwingine, mama wa yule mwimbaji, naye alijibu watu vilevile kama yeye. Anataka siku moja wajuane.

Wakuu, sikumwambia kwamba neno lile ni lake. Hapo ningesema, yangeishia hapo. Nikasema tu, ndiyo mama, dunia ina mambo.

Wiki iliyofuata Paluku akaalikwa kwenye redio moja ya Beni. Nilikuwa nasahihisha madaftari, redio iko mezani. Mtangazaji akamsifu weee, halafu akauliza taratibu:

"Mais ndugu Paluku, weye ni mutoto wa kwanza. Bale badada bane ba mu wimbo beko wapi?"

Yaani wale dada wanne wa kwenye wimbo wako wapi. Nikaongeza sauti ya redio. Nikajua sasa ananitaja, na moyo ukawa unataka na hautaki.

"Balikufaka bote mbele mimi nizaliwe," akasema, yaani kabla hajazaliwa. "Mama hapendaka tubaongelee."

Hata uongo wenyewe haukukaa sawa, maana hata wangekufa yeye angebaki Muhindo. Lakini kwenye mji kama Beni, mtu akisema amefiwa, nani anaendelea kumhoji? Kila nyumba pale ina mtu wake aliyeuawa na waasi. Mtangazaji aliomba radhi hewani.

Nilipiga kwa Paluku mara nyingi. Mwishoni akanitumia voice note kwamba nitulie, watu watasahau.

Hawakusahau. Wamama wa parokia za Beni walisikia kwamba kuna mwenzao katikati yao, mama yake Paluku, amebeba msiba wa mabinti wanne miaka yote bila kusindikizwa. Huku kwetu hilo halikubaliki. Wakapanga siku, wakakusanya unga na maharage, wakaenda kukaa naye.

Na mama yangu alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Alinipa habari hizo kwa simu asubuhi ya siku yenyewe, anasema tayari amejifunga kitenge. Nikamwambia ana presha, apumzike. Akanijibu kwamba mwanamke aliyesema nimezala mutu halafu akawazika wote wanne, hawezi kumwacha alie peke yake.

Nikaaga shule kwamba nina dharura, nikachukua pikipiki mpaka Beni. Njia nzima nilikuwa nikiomba mvua inyeshe wamama warudi makwao. Jua likawaka tu.

Nilifika wameshakaa uani kwa mama Paluku, kama ishirini hivi. Mama yake Paluku ni mtu mpole. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjakunja ncha ya kitenge. Baadaye nilijua mwanawe alimwomba anyamaze. Mama yangu alikuwa amemshika mkono, anamsimulia jinsi walivyomsimamia mlangoni, na jinsi alivyowajibu. Analia kwa ajili ya watoto wa mwenzake.

Mama Paluku akainua kichwa.

"Mama, unisamehe," akasema. "Ile neno hapana yangu. Mimi nilizalaka bavulana batatu, sikuzalaka hata binti moya."

 Mama yangu aligeuka polepole, macho yakanikuta mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Hakuuliza niko pale kwa nini. Ni mama, alishaelewa nani alilitoa nje neno la nyumbani kwake.

"Muhindo, nani alikutuma uzike batoto bangu beko bazima?"

Wakuu, nimesimama mbele ya madarasa miaka kumi na tatu. Siku hiyo nilipiga magoti kama mwanafunzi aliyechelewa.

Akaniamuru niwapigie dada zangu mmoja mmoja kwa haut-parleur, yaani spika ya simu, kila mtu asikie. Kavira akaitika kutoka Butembo. Katungu akaitika, anauliza mbona kelele za watu. Kyakimwa akaitika. Kila sauti ikitoka, wamama wanashukuru Mungu.

Masika, mkubwa wetu, hakupatikana.

Masika analima viazi Alimbongo, kusini kwa Butembo. Barabara ile ya kusini siku hizi vita viko karibu, na mtu asipopatikana hujui kama ni network au ni risasi. Nilipiga mara saba, kumi na moja, nikaacha kuhesabu. Mama akakaa chini kwenye mkeka, akavua viatu. Na wale wamama waliokuja kwa mabinti wasiokuwepo, hakuna aliyeondoka. Mama Paluku akawasha moto, wakapika ule unga wao, wakaanza rozari kwa ajili ya dada yangu.

Niliogopa, sifichi. Nilijiambia mdomo wa mtu ukiita kifo, kifo hakiulizi kama ulikuwa unatania. Najua mwalimu hapaswi kuamini hivyo.

Tulisubiri mpaka kesho yake mchana ndipo simu ikalia. Masika alikuwa amepanda mlima kutafuta network. Mzima kabisa, ana shamba la kupalilia. Mama alilia mpaka akashindwa kuongea, akanirudishia simu.

Nikamwambia Masika kwamba wimbo ule niliandika mimi. Ni mara yangu ya kwanza kusema hivyo kwa mtu yeyote. Akafurahi, akasema aliujua tangu siku ya kwanza kwamba ni wa nyumbani, na yale ya Paluku redioni waliyasikia wote kule. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Sasa juu ya nini mulisema tulikufaka? Siye tuko huku tunalima."

Nilichojifunza: ukimwazima mtu maisha yako, unamwazima na watu waliomo ndani. Akibanwa atawatoa kafara wao, maana si wake. Na mimi nilisikia kwa masikio yangu nikanyamaza, kwa hiyo tulishirikiana.

Nimemwomba Paluku arudi redioni aseme tu kwamba hao dada wako hai, jina langu aliache. Amekataa, anasema nataka kummaliza. Mama naye hajanikasirikia kwa maneno. Kila jioni ananipigia, nampa orodha ya dada zangu mmoja baada ya mwingine, nani nimeongea naye leo. Akiridhika anakata.

Wenye busara humu, nipeni mawazo, hata ya kunitukana nitayasoma. Niende redioni mwenyewe nimvue nguo mtu niliyemjenga miaka sita? Mnaponijibu mjue kwamba tangu asubuhi Masika hapatikani tena.